Kabureta, Platini na Chumvi ya Msimbati

Kutoka Mangamba, pembezoni mwa mji wa Mtwara, barabara ya Msimbati hukata mikorosho na minazi kwa kilomita 35 hivi, ikipitia Madimba, hadi inapozama kwenye mchanga wa Mnazi Bay. Kwa miongo mingi safari hiyo imekuwa mtihani wa injini ndogo. Gurudumu la nyuma huchimba, dereva huongeza resi, injini huchemka, na upepo wa baharini huleta chumvi isiyochagua bati, nyavu wala nyaya. Pikipiki kuukuu inayofika ufukwe wa Ruvula na kurudi mjini siku hiyohiyo, ujue ina fundi nyuma yake.

Habari za mafundi hao hazimo katika vitabu vya historia ya kusini. Vitabu vinasimulia bandari ya Mikindani, safari ya Livingstone aliyeingilia huko mwaka 1866, boma la Wajerumani, mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 na kuacha nyuma yake bandari ya Mtwara na reli ya Nachingwea iliyokuja kung'olewa. Fundi pikipiki hana boma. Ana kivuli cha mwembe, sanduku la spana, kipande cha turubai, na jina ambalo serikali za mitaa humpa bila kumaanisha sifa: gereji bubu. Lakini ukitaka kujua jinsi chanjo, pembejeo, barua na wagonjwa walivyofika katika vijiji vya delta ya Ruvuma kabla ya lami, mtu wa kumuuliza ni yeye.

Kazi yake, tangu mwanzo, imezunguka maswali mawili: mafuta yanafika? Moto upo?

Pikipiki zilizofungua njia hizi hazikuwa za abiria. Zilikuwa za kazi. Wamisionari na maafisa wa serikali walitangulia, kisha zikaja pikipiki za Kijapani zilizoundwa kwa ajili ya njia mbovu. Mwaka 1968 Yamaha ilitoa DT-1, pikipiki nyepesi ya viharusi viwili yenye sentimita za ujazo 246, ekzosi iliyopandishwa juu na matairi ya meno makubwa. Ilionyesha kwamba chombo kimoja kinaweza kupita barabarani na porini bila mwenyewe kuwa bingwa wa mashindano. Wadogo zake, DT125 na DT175, pamoja na Honda za familia ya XL, ndio walioizoea Afrika Mashariki: kwa bwana shamba, kwa mganga wa zahanati, kwa padri na kwa mratibu elimu. Mtwara na Lindi zilipata pia mradi mkubwa wa maendeleo vijijini, RIPS, ulioanza 1988 kwa msaada wa Finland na kuendelea hadi miaka ya 2000. Enzi hizo pikipiki ya mradi ilikuwa alama ya ofisi. Ilipochoka ikaenda mnadani, ikanunuliwa na mwalimu au mkulima, na hapo ndipo maisha yake ya pili yalipoanzia mikononi mwa fundi wa kijijini.

Maisha hayo ya pili yaliangukia wakati mgumu. Vita ya Kagera ya 1978 na 1979 iliikausha hazina ya fedha za kigeni, bei ya mafuta duniani ikapanda mwaka huohuo wa 1979, na maduka yakabaki na rafu tupu. Hadi serikali iliporuhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe mwaka 1984, na hata baada yake, spea ya pikipiki ilikuwa kitu cha kusubiriwa kutoka Dar es Salaam. Na Dar es Salaam ilikuwa mbali kweli: masika yakishika, barabara ya kusini ilikatika, na kivuko cha Rufiji kilikuwa na saa zake. Fundi wa Mtwara alijifunza kutengeneza kwa sababu kubadilisha hakukuwezekana.

Chukua platini. Jina hilo linakumbuka kwamba ncha za kifaa hicho ziliwahi kutengenezwa kwa madini ya platinamu, kabla ya viwanda kuhamia kwenye tangsteni iliyo rahisi zaidi. Ni vipande viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana kila injini inapozunguka. Vikigusana, umeme wa magneti hupita. Vikiachana, umeme hukatika ghafla, na mkatiko huo ndio unaoamsha koili itoe maelfu ya volti na kurusha cheche kwenye plagi. Nafasi ya platini inapofunguka kabisa ni milimita 0.3 hadi 0.4. Ikizidi au ikipungua, moto unakuja mapema au unachelewa. Pikipiki inapiga kiki ya kurudi na kuuma mguu, au inakosa nguvu mlimani.

Ukanda wa pwani haukuwa rafiki wa platini. Chumvi na unyevu huweka ukungu mwembamba wa kutu kwenye ncha, na pikipiki iliyolala wiki tatu chini ya mkorosho haiwaki ingawa iliwaka vizuri siku ilipoegeshwa. Dawa yake ilikuwa msasa laini, kisha kipande cha karatasi safi kupitishwa katikati kuondoa vumbi la msasa. Karatasi nyembamba, ile ya kusokotea sigara, ilikuwa pia kipimo cha taimingi kilichotumiwa na mafundi wa nchi nyingi: unaibana kati ya ncha, unazungusha flaiwili taratibu kwa mkono, na pale inapoteleza ndipo platini zinapofunguka. Ukiona alama ya flaiwili imekutana na alama ya injini wakati huohuo, taimingi imekaa. Kifaa cha mamilioni hakikuhitajika.

Kondensa ndiyo iliyowasumbua wengi. Kikopo hicho kidogo kazi yake ni kumeza umeme unaotaka kuruka pale platini zinapoachana. Ikifa, platini huungua na kupata shimo upande mmoja na kichuguu upande wa pili, na fundi asiyejua husugua na kusugua, kila juma, huku ugonjwa uko kwingine. Fundi aliyekomaa alifungua kifuniko, akaangalia cheche zinavyoruka kwenye platini zenyewe, na zikiwa nene na za buluu akasema kondensa imekwisha kabla hajagusa spana nyingine.

Hapo ndipo ulipo utaalamu, na unastahili kuelezwa polepole. Pikipiki inaletwa ikisukumwa. Mwenyewe anasema kabureta imekufa, kwa sababu kila mwenye pikipiki husema kabureta imekufa. Fundi hajibu. Anachomoa plagi. Ikiwa imelowa na inanuka petroli, mafuta yanafika na moto ndio unaotafutwa. Ikiwa kavu, moto unaweza kuwa mzima na mafuta hayafiki. Ikiwa na masizi meusi makavu, injini inakula mafuta mengi kuliko hewa: chok imekwama, kichujio cha hewa kimejaa mchanga, au sindano imepanda. Ikiwa nyeupe kama mfupa, hewa imezidi, na mwenyewe aonywe asiendelee kuikimbiza kwa sababu pistoni inakaribia kutoboka. Rangi ya kahawia iliyopauka ndiyo anayoitaka.

Kisha plagi inarudishwa kwenye kofia yake, chuma chake kinagusishwa kwenye silinda mbali na tundu linalotoa mvuke wa petroli, na kiki inapigwa. Cheche ya buluu yenye mlio wa kukata ni afya. Cheche nyekundu na dhaifu ni koili inayochoka, au waya wa bodi uliooza pale unapofungwa kwenye fremu. Mwambao wa Msimbati umeua nyaya za bodi nyingi kuliko koili, na swichi ya kuzimia pikipiki, ile ya kwenye usukani, imejaa chumvi mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Kuchomoa waya wake ni kazi ya dakika moja, na imeokoa koili nyingi nzima zilizokuwa zitupwe.

Moto ukiwepo, kabureta ndiyo inayoulizwa. Chombo hiki ni kikongwe: Wahangaria Donát Bánki na János Csonka walikisajili mwaka 1893, na Mjerumani Wilhelm Maybach alikuwa na chake wakati huohuo. Kanuni haijabadilika. Hewa inayopita kwenye koo jembamba huongeza kasi, shinikizo hushuka, na petroli hunyonywa juu kutoka kwenye bakuli kupitia matundu madogo ya jeti. Boya ndani ya bakuli huamua mafuta yaingie kiasi gani. Kila kitu kinategemea matundu ambayo macho ya mzee hayayaoni bila jua.

Ndiyo maana mchanga wa Mnazi Bay na kabureta havikupatana. Chembe moja inayopita kwenye kichujio kilichochanika huziba jeti ya sailensa, na pikipiki inakubali kwenda mbio lakini inakataa kusimama ikiwa hai. (Neno hilo ni la mafundi wenyewe. Kwa wengine silencer ni kifaa cha ekzosi; kwa fundi wa Kitanzania sailensa ni mngurumo wa injini iliyotulia, na gari lisilo na sailensa ni lile linalozimika likisimama. Kamusi ina deni hapo.) Chembe ikikaa kwenye vavu ya boya, petroli humwagika chini usiku kucha na asubuhi tanki ni tupu. Maji yakiingia, kwa mvua au kwa umande wa tanki lililoachwa nusu, yanakaa chini ya bakuli kwa sababu ni mazito kuliko petroli, na injini hukohoa kila yanaposogea karibu na jeti. Skrubu ya chini ya bakuli iliwekwa kwa ajili hiyo. Anayeijua huifungua, hukinga mafuta kwenye kifuniko cha chupa, na huona maji yakijikusanya kama shanga.

Kosa kubwa la wanagenzi lilikuwa waya. Jeti ni ya shaba, na shaba ni laini. Ukiitoboa kwa uzi wa chuma uliochomolewa kwenye kebo ya breki, inafunguka, ndiyo, lakini inapanuka, na kuanzia siku hiyo pikipiki inakula mafuta na kuchafua plagi, na hakuna atakayekumbuka sababu. Uzi wa mshipi wa kuvulia, ambao hapa haukosekani, unapita bila kukwangua. Na kupuliza kwa pampu ya baiskeli kunatosha mara tisa kati ya kumi.

Kuna pia ugonjwa wa uzee: mpira unaounganisha kabureta na injini. Jua huukausha, unapasuka mahali pasipoonekana, hewa ya pembeni inaingia. Pikipiki inapanda resi yenyewe, haishuki, na mwenyewe anaapa kwamba kebo imekwama. Fundi anadondosha maji kuzunguka mpira huo huku injini inanguruma. Mlio ukibadilika, ufa umepatikana.

Mbona vijana wa vijiji vya Mtwara walijifunza injini ndogo kwa wingi kiasi hiki, wakati pikipiki zenyewe zilikuwa chache? Jibu moja, na pengine kubwa kuliko yote, ni korosho. Tanzania ilikusanya takriban tani 145,000 za korosho katika msimu wa 1973/74. Katikati ya miaka ya 1980 mavuno yalikuwa yameanguka chini ya tani 20,000. Kuhamishiwa kwenye vijiji na bei duni vilichangia, lakini ubwiri unga, ukungu mweupe unaounguza maua, ulimaliza kilichobaki. Watafiti wa Naliendele, kilomita chache kutoka Mtwara mjini, walifanya kazi ya kuudhibiti kwa unga wa salfa, na salfa ilihitaji mashine ya kubebwa mgongoni: injini ya viharusi viwili, kabureta ndogo, plagi moja, kamba ya kuvuta. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 mashine hizo zikaenea mashambani. Kila msimu wa kupuliza zilizimika kwa maradhi yaleyale ya DT175: plagi iliyolowa oili kwa sababu mchanganyiko ulikosewa, jeti iliyoziba, kichujio kilichojaa unga wa salfa. Aliyeweza kuiwasha mashine ya kupulizia saa kumi na mbili asubuhi, kabla upepo haujaanza, hakushindwa na pikipiki ya mwalimu. Shamba la mikorosho lilikuwa chuo cha ufundi miaka mingi kabla VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, haijaundwa kwa sheria ya 1994.

Wakati huo platini zilikuwa zinaondoka. Honda XL185S, ya mwaka 1979, ilikuja na CDI, ambayo mafundi huitamka sidiai: kisanduku cheusi kinachojaza umeme kwenye kapasita na kuuachia kwa mkupuo pale magneti inapopita mbele ya koili ndogo ya ishara. Hakuna ncha za kusugua, hakuna taimingi ya kurekebisha. Ni hatua njema. Moto ni mkali zaidi na unadumu miaka. Lakini kisanduku kimezibwa kwa gundi, hakifunguliki, na kwa mara ya kwanza fundi wa mwembe alikutana na sehemu ambayo hawezi kuiuliza swali. Njia pekee ilikuwa kuazima nyingine nzima na kujaribu. Ugonjwa wake wa hila ni wa joto: pikipiki inatoka Mtwara vizuri, inafika Madimba, inazimika, dereva anapumzika nusu saa, inawaka, inakwenda, inazimika tena. Sidiai au koili inayokufa kwa joto hufanya hivyo, na haionyeshi dalili ikipimwa baridi. Ila mfuniko wa tanki usiopitisha hewa nao huleta dalili zilezile, kwa sababu tanki linajifunga na mafuta yanagoma kushuka. Fundi mwenye busara hufungua mfuniko kwanza na kusikiliza kama hewa inanyonywa. Ni bure, na sidiai si bure.

Agosti 2003 Daraja la Mkapa, lenye urefu wa mita 970, lilifunguliwa juu ya Mto Rufiji, na kusini ikaunganishwa na nchi. Malori yalileta pikipiki za Kichina zikiwa kwenye maboksi. Toyo, SanLG, Fekon: sehemu nyingi jina la Toyo likawa jina la kila pikipiki ndogo. Chini ya rangi hizo mpya mlikuwa na mzee mmoja: Honda CG125 ya 1976, iliyobuniwa kwa nchi ambazo pikipiki haifanyiwi huduma, ikiwa na vavu zinazosukumwa kwa fimbo badala ya cheni ya juu ili istahimili oili chafu na kusahauliwa. Viwanda vya China viliinakili kwa mamilioni. Msimu mzuri wa korosho ulionekana kwa wingi wa namba mpya barabarani, na mwaka 2010 kanuni za leseni za pikipiki na bajaji ziliifanya bodaboda biashara inayotambuliwa na sheria.

Pikipiki kuukuu zilinufaika pia. Kabureta ya CG, inayouzwa karibu kila duka la spea, ilifungwa kwenye XL iliyokuwa imelala kwa kukosa sindano ya boya. Haikai sawasawa, jeti inabadilishwa, mpira unalazimishwa, na ulaji wa mafuta unapanda kidogo. Lakini inatembea.

Miaka hiyohiyo ilileta adui mwingine, aliyepata jina katika Kiswahili chetu: uchakachuaji. Mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo, petroli ilikuwa na kodi kubwa, na wenye tamaa walichanganya. Injini ndogo ndiyo iliyolipa. Mafuta ya taa hayageuki mvuke kwa urahisi. Pikipiki ya asubuhi haishiki, plagi inakuwa nyeusi, injini ikipata mzigo inagonga. Mafundi wengi walifungua kabureta zisizo na kosa lolote. Mwaka 2010 mdhibiti wa nishati, EWURA, alianza kuweka vinasaba kwenye mafuta ili kuyatambua, na bajeti ya 2011/12 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya iondoke. Hata hivyo petroli ya vijijini iliendelea kuuzwa kwenye chupa za maji, na chupa huleta takataka zake. Kichujio cha plastiki kwenye mpira wa mafuta, cha bei ya soda, kimekuwa bima bora kuliko maneno ya muuzaji.

Chini ya ardhi hiyohiyo ya Mnazi Bay kuna gesi, iliyogunduliwa na kampuni ya AGIP mwaka 1982, ikaanza kuzalisha umeme wa Mtwara karibu na 2007, na tangu 2015 inasafirishwa kutoka Madimba kwa bomba hadi Dar es Salaam. Bodaboda inayopeleka mfanyakazi wa kituo hicho kazini bado inanyonya petroli ya meli kupitia tundu dogo la shaba.

Haitakuwa hivyo daima. India, inakotoka Boxer na TVS zinazotawala vijiwe vya leo, iliyalazimisha masoko yake ya ndani kufuata viwango vya BS-VI kuanzia Aprili 2020, na kwa pikipiki nyingi hilo limemaanisha kuiacha kabureta na kuingia kwenye sindano ya mafuta inayoongozwa na kompyuta. Zinazouzwa nje zimebaki na kabureta kwa muda, na za umeme zimeshaanza kuonekana mijini. Mafundi waliojifunza kwa platini ni wazee sasa. Wanachokijua hakipo kwenye kitabu cha Kiswahili, na kikiondoka nao, miaka 50 ya historia ya usafiri wa kusini itabaki na majina ya madaraja peke yake.

VETA Mtwara ina karakana, ina vijana, na iko karibu. Ikae na wazee wa Msimbati, Mikindani na Kilambo, iandike maneno yao kama wanavyoyatamka na njia zao kama wanavyozifanya. Na wewe mwenye XL au DT iliyolala nyuma ya nyumba, usiiuze kwa wanunuzi wa chuma chakavu kabla fundi mmoja mzee na kijana mmoja hawajaifungua pamoja.